Mdogo wangu anaenda Winnipeg Januari, -28 halafu "unahisi -41" maana yake nini na abebe nguo gani?

Kijana_Nkuhungu
Mbukwenyi wakuu, poleni na upepo na vumbi la huu mwezi. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu maana home hapakaliki. Nina mdogo wangu wa kike kapata nafasi ya masters Winnipeg, Kanada, na anatakiwa aripoti Januari yaani katikati kabisa ya baridi yao, na kwenye ukoo wetu hamna mtu aliyewahi kupanda ndege kwenda nje. Mwenyeji wake kule kamtumia skrinshoti ya simu ya Januari iliyopita, imeandikwa -28 halafu chini yake unahisi kama -41. Sasa hapa Nkuhungu, Dodoma, saivi Julai usiku inacheza 13, 14 na mama analala na masweta mawili na soksi, hiyo -41 ukiitaja tu mbele yake anaanza kuomba.

Maswali yangu. Hizo namba mbili ipi ndo ya kweli? Pili, anunue nguo huku ama akanunue kule, maana hela ya kuungaunga. Tatu mama kashanunua blanketi zito lile la picha ya simba anasema lazima liende, peke yake linajaza begi. Nne, ni kweli mtu anaweza kukatwa vidole kwa ajili ya baridi ama ni stori za mtandaoni? Msaada tafadhali na utani uwepo lakini kidogo.

Mkinga_Halisi
Hahaha watu wa Dodoma bana, nyuzi 13 mnavaa masweta mawili. Njoo Makete Julai uone majani asubuhi yamekuwa meupe kwa barafu. Ushauri wangu mwambie bi dada abebe Konyagi chupa mbili, akitoka nje kidogo, akirudi kidogo, hakuna baridi itakayomgusa.

MtuWaKisasa
Mkuu Kijana_Nkuhungu mimi nilisoma huko huko Winnipeg, saivi nipo zangu mtaa wa Kisasa hapa Dodoma nakula vumbi kama nyie, ngoja nikujibu vizuri na hiyo ya Konyagi usimfikishie kabisa mdogo wako.

Namba zote mbili ni za kweli ila zinapima vitu tofauti. -28 ni hewa yenyewe, ukitundika kipimajoto nje ndo kitasoma hivyo, upepo uwepo usiwepo. -41 ni hesabu ya jinsi ngozi yako iliyo wazi inavyopoteza joto upepo ukiwepo. Mwili muda wote unapasha kale kahewa kaliko karibu na ngozi, hewa ikitulia kanabaki hapo kama blanketi jembamba, upepo ukija unakafagia na kuleta hewa mpya ya baridi, mwili unaanza upya kupasha, unafagiwa tena. Ndo kile unachofanya ukimwaga chai kwenye kisosi ukaipuliza. Kwenye -28 upepo wa kilomita 20 tu kwa saa unatosha kukupeleka kwenye hiyo -41, na kilomita 20 kwa sisi wa Dodoma ni upepo wa kawaida kabisa, hata mabati haugusi. Mfano mwingine, -20 na upepo wa 30 inakuwa -33.

Sasa hapo kuna kitu watu wengi wanakichanganya. Upepo hauwezi kufanya kitu kiwe cha baridi kuliko hewa yenyewe. Hewa ikiwa +2 na simu ikaandika unahisi -5, maji kwenye ndoo hayagandi, yatapoa haraka tu mpaka 2 basi. Hiyo namba ya pili inakuhusu wewe mwenye damu ya moto, haihusu bomba wala ndoo. Hesabu wanayotumia sasa ilikubaliwa Kanada na Marekani 2001, ya kwanza kabisa ilitokana na Wamarekani wawili, Siple na Passel, waliokuwa Antaktika miaka ya 40 wakipima maji kwenye chombo cha plastiki yanachukua muda gani kuganda kwenye upepo tofauti tofauti. Kazi za watu hizo.

Kwanini usumbuke kuangalia namba ya pili? Kwa sababu ndo inakwambia una muda gani nje. Idara ya hali ya hewa ya Kanada inasema ikiwa kati ya -28 na -39 ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30. Ikifika -40 mpaka -47 ni dakika 5 mpaka 10. Chini ya hapo ni dakika mbili mpaka tano, au hata pungufu. Sasa piga picha umekosa basi na linalofuata linakuja baada ya robo saa, hapo ndo utajua kwanini watu wa kule wanaangalia simu kabla ya kutoka mlangoni.

Kwenye nguo. Hapa ndo watu wetu wanakosea, wanatafuta jaketi moja zito kama godoro wanaona wamemaliza. Kinachotakiwa ni nguo za kupangana. Ya ndani kabisa inayogusa mwili iwe ya sufu au ile ya kitambaa cha michezo, taiti na fulana ya mikono mirefu, ISIWE PAMBA. Pamba ikinyonya jasho inakaa na maji, na maji ni adui namba moja. Katikati sweta la sufu au lile laini la manyoya manyoya. Juu kabisa jaketi linalozuia upepo, refu lishuke mpaka mapajani, lenye kofia yake. Hilo la juu ndo linalopambana na hiyo -41, hayo mengine yanapambana na -28. Mtu akivaa masweta matano yaliyofumwa bila cha kuzuia upepo juu, upepo unapita kwenye matundu ya sweta kama hakuna kitu.

Na kwanini zipangane, kwa sababu ndani ya majengo yao ni joto la kawaida, nyuzi 20, 21, hita zinawaka mchana na usiku. Utaingia darasani umevaa kama mwanaanga, ndani ya dakika kumi jasho linatiririka, ukitoka nje na lile jasho umekwisha. Kwahiyo anavua akiingia anavaa akitoka, kazi ndo hiyo kutwa nzima, atazoea.

Jaketi la nje na viatu ASINUNUE huku. Kule kuna maduka ya nguo zilizotumika bei nafuu, na vyuo vingi wanafunzi wanaoondoka wanawaachia wanaokuja. Nguo za ndani, masweta, skafu, mizula anaweza akakusanya hapa hapa mjini taratibu. Ila SIKU YA SAFARI avae vya kutosha na vingine aweke kwenye begi la mkononi, sio kwenye begi la chini la ndege. Begi likibaki njiani, na hutokea, atatokaje uwanja wa ndege na kiraba? Mwenyeji akija kumpokea amletee jaketi mlangoni.

Dereva_IT
Mkuu MtuWaKisasa umeshusha nondo. Swali la pembeni, na sisi wa bodaboda hiyo hesabu inatuhusu? Maana asubuhi saa kumi na moja natoka Ihumwa kuja town nimevaa jaketi nimegeuza zipu mgongoni na bado kifua kinabana.

MtuWaKisasa
@Dereva_IT hesabu yenyewe imetengenezwa kwa hewa ya nyuzi 10 kushuka chini, kwa Dodoma ukiipiga utapata namba isiyo na maana. Ila kanuni ni ile ile, ukikimbia 60 umejitengenezea upepo wa 60 hata kama miti imetulia. Na hiyo ya kugeuza jaketi mna akili sana, zipu ndo mlango wa upepo. Kule jaketi nzuri utakuta zina kipande cha kitambaa kinafunika zipu kwa mbele, sababu ni hiyo hiyo. Weka na nailoni au gazeti chini ya jaketi kifuani uone tofauti.

Nesi_Miyuji
Naomba nami nichangie upande wa afya maana swali la nne limerukwa.

Kaka Kijana_Nkuhungu ni kweli, watu wanakatwa vidole. Mwili ukiona baridi imezidi unafunga mishipa ya pembeni ili damu ya moto ibaki kwenye moyo na ubongo. Vidole, pua, masikio na mashavu vinaachwa. Vikikaa hivyo muda mrefu maji yaliyo ndani ya nyama yanaganda na nyama inakufa. Kwanza inawasha na kuchoma, halafu maumivu YANAISHA. Hapo ndo pabaya, mtu anafikiri amezoea kumbe hasikii tena.

Vitabu vingi vinaandika angalia ngozi imekuwa nyekundu halafu nyeupe. Kwa ngozi zetu nyekundu hiyo hauioni. Unachoweza kuona ni ngozi imepauka ina rangi ya majivu, au inang'aa kama imepakwa nta, na ukiigusa ni ngumu na ya baridi. Ajizoeshe kuvichezesha vidole vya miguu ndani ya kiatu na kujigusa pua, kama hasikii aingie ndani popote, dukani, benki, popote. Na hili sio la kutisha watu, tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza ziliona askari wenye asili ya Afrika wanaumizwa na baridi zaidi kuliko wenzao weupe, kwahiyo asijilinganishe na wenyeji anaowaona wametoka bila kofia.

Ikitokea, asisugue. Wala asisugue na theluji, kuna watu bado wanasema hivyo. Asiweke mkono kwenye jiko wala kwenye hita, hasikii kwahiyo ataungua bila kujua. Maji ya uvuguvugu, kama nyuzi 37 mpaka 39 hivi, yale ambayo mama angemwogeshea mtoto mchanga, azamishe mpaka ngozi ilegee, itauma sana na ni kawaida. Kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani bora asiyeyushe mpaka afike hospitali. Malengelenge au rangi nyeusi ni hospitali moja kwa moja.

Kuna la pili, mwili mzima kupoa. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 mtu anatetemeka sana, anaongea maneno yanavutana, anajikwaa, anakuwa kama amelewa. Kutetemeka kukiacha ghafla na bado yupo kwenye baridi, hiyo ni dharura. Na wewe Mkinga_Halisi, pombe inafungua mishipa ya ngozi, unasikia joto kwa sababu damu ya moto imetoka ndani kuja nje, na huko nje ndo inakopozwa. Unajisikia vizuri huku unapoteza joto. Wanaolala kwenye theluji wakiwa wamelewa ndo wale asubuhi hawaamki.

Na kwa kuwa nipo hapa, nyie wa Dodoma mnaoingiza jiko la mkaa chumbani mkafunga dirisha msimu huu ACHENI. Tunawapokea. Ile gesi ya mkaa haina harufu wala rangi, mtu anaanza na kichwa kuuma anadhani ni usingizi.

Mkinga_Halisi
Nesi tumekusikia, Konyagi nimeirudisha kabatini. Ila kule Makete tuliishi na jiko la mkaa ndani na hatujafa.

Nesi_Miyuji
Nyumba zenu za zamani zilikuwa na matundu juu ya ukuta kaka. Saivi mnajenga na madirisha ya aluminiamu na jipsam, hewa inatokea wapi?

Kijana_Nkuhungu
Aisee asanteni sana wakuu, nimeprinti kabisa hiyo ya nesi nimempa mdogo wangu. Mama nae nimemsomea, kasikia ile ya kukatwa vidole sasa anataka binti aahirishe aende Juni, ngoja nipambane nae. Swali lililobaki ni viatu na nywele. Yeye ana rasta ndefu za kusuka na anasema kofia haziingii. Na vipi kuhusu usafiri, ni kweli magari yanachajiwa na umeme?

MamaK_Saskatoon
Kaka habari, mimi ni mzaliwa wa Kondoa nipo Saskatoon, jirani zao hao wa Winnipeg, na baridi ni ile ile tu. Nimecheka la mama kuahirisha, mwambie Juni huku ni joto watu wanatembea na kaptula.

Kweli, magari yanachomekwa. Utaona waya wenye plagi unaning'inia mbele ya gari chini ya nembo, sio kwamba gari ni la umeme, ni hita ndogo ya kupasha injini usiku kucha maana oili ikiganda asubuhi gari haliwaki. Maegesho mengi yana soketi kwenye nguzo. Yeye kama mwanafunzi atapanda basi, na katikati ya mji wa Winnipeg kuna njia za kutembea za ndani zinazounganisha majengo, unapita juu ya barabara ndani ya vioo. Akishazijua atafika mbali bila kukanyaga nje. Kile kikona cha Portage na Main aogope, kina sifa ya upepo Kanada nzima, majengo marefu yanaukusanya unakuja na hasira zote.

Viatu, anunue namba kubwa kidogo. Watu wanavaa soksi tatu kwenye kiatu kinachobana halafu wanashangaa vidole vinauma, ukibana damu haipiti na ile hewa ya katikati haipo. Soksi moja nene ya sufu na nafasi ya kuchezesha vidole. Soli isiwe ngumu, na iwe na meno, maana kuna barafu nyembamba inakaa juu ya lami huioni, unaona lami nyeusi tu, ghafla uko chini. Hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Glovu achukue zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake, vidole vinapeana joto. Chini yake avae glovu nyembamba ili akitaka kutoa kadi ya basi asibaki na mkono mtupu. Na simu aiweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inaua chaji, ipo asilimia 40 mara inazima, na wewe ndo ulikuwa unasubiri basi.

Nywele sasa. Kutoka nje na nywele mbichi HAPANA, zinaganda zinakuwa vijiti na zinakatika. Aoshe usiku. Rasta sio mbaya zinatunza joto ila zile ndefu mpaka kiunoni anazifunga juu halafu kofia inakaa kama mnara na masikio yanabaki nje. Asuke za mgongo zilizolala, nyembamba, mzula uingie mpaka chini ya masikio. Ndani ya mzula ashonee kitambaa cha sateni, fundi yeyote hapo anafanya, maana sufu inakula nywele za mbele. Na mafuta, jamani, hewa ya ndani ni kavu kupita Dodoma ya Septemba, pua inatoka damu, midomo inapasuka, ukigusa kitasa cha mlango kinakupiga shoti. Mafuta ya mgando ya kutosha, ya kupaka maji maji hayatoshi.

Ambalo hamjalisema ni giza. Desemba kule jua linazama kama saa kumi na nusu jioni. Mtu anaingia darasani asubuhi, anatoka usiku. Wiki za mwanzo unaona raha ya theluji, unapiga picha, ikifika Februari unaanza kulala kutwa na kulia bila sababu. Ameze vitamini D baada ya kuongea na daktari wa chuo, atoke nje saa za mchana hata dakika kumi jua likiwepo, na siku kali kabisa mara nyingi ndo zina jua la kupendeza na anga jeupe pee, lisimdanganye. Atafute Waswahili, wapo. Tofauti ya saa na huko wakati wa baridi ni 9, kwahiyo mama ampigie jioni ya huko, binti atakuwa ndo anaamka, sio mama aamke saa nane usiku kuuliza umevaa soksi.

Blanketi la simba aliache. Au tuseme kama mama hataki kuelewa, apeleke, chumba kina joto litakuwa la kupambia kitanda, ila asilipe kilo za ziada kwa ajili yake.

Pedeshee_Mitumba
Nipo Majengo sokoni nauza mitumba grade one, msinielewe vibaya sijaja kupiga debe. Ila kuna mbinu za kuchagua ambazo wateja hawazijui. Jaketi, weka mdomo kwenye kitambaa upande wa ndani, puliza kwa nguvu huku mkono umeuweka upande wa pili. Mkono ukisikia hewa, upepo utapita, hilo la Dodoma tu. Usiposikia kitu, chukua. Sweta soma lebo ya shingoni au ubavuni, tafuta lililoandikwa wool, likiandikwa acrylic ni joto la kawaida sio baya ila sio la huko. Halafu likunje kwa mkono, la sufu halisi linajiachia lenyewe. Fulana za ndani zile za michezo za kubana zinakuja nyingi kwenye belo la nguo za mazoezi, wateja wanaziacha wakidhani ni za wacheza mpira, bei yake ni ya chini sana. Mizula ipo mingi na bei ni kama bure kwa sababu hapa nani anavaa.

Aje siku tunayofungua belo, asubuhi mapema. Akija saa sita atakuta wamama wa Area C washamaliza.

Kijana_Nkuhungu
Mkuu belo mnafungua siku gani?

Pedeshee_Mitumba
Inategemea na mzigo ukifika toka Dar, wiki hii natarajia Ijumaa. Ulizia upande wa majaketi, mwambie asivae viatu vya wazi, pale kunasukumana.